South Bend ya inchi 9: spindo inachemka na kazi inatoka na mawimbi. Naombeni msaada kabla sijaitoboa

#1 KerezaIringa (mwanzisha uzi)

Wakuu wa jukwaa la ufundi, heshima kwenu. Nimebakiza siku chache nifanye uamuzi ambao ukishafanyika haurudishiki, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Nina leti (mashine ya kukerezea chuma) ndogo ya South Bend, ile ya inchi 9, ya Marekani. Ilikuwa ya marehemu baba mdogo. Aliinunua kwenye karakana ya misheni moja huku Nyanda za Juu Kusini ilipofungwa, akaifanyia kazi zaidi ya miaka kumi na tano, kisha akaniachia mimi. Nakereza zaidi shafti na bushi za mashine za kusaga na kukoboa. Kazi ipo, na msimu wa mahindi ukifika sipati hata muda wa kula.

Tatizo lenyewe: nikiwasha, dakika ishirini tu kichwa cha mashine, kinachobeba spindo (ekseli inayozungusha kazi), upande wa chaki (kishikio cha kazi), kinakuwa cha moto, huwezi kuacha kiganja. Shafti inatoka na mawimbi, ukipitisha ukucha unayahesabu. Nikikata kipande kwa biti nyembamba ndiyo kabisa, mashine inalia mpaka majirani wanachungulia, biti inajichimbia yenyewe. Juzi nimevunja mbili asubuhi moja.

Matunzo nafanya. Kichwani kuna nipo (chuchu za kuingizia girisi) mbili, ya mbele na ya nyuma. Kila Jumatatu napiga pampu tatu kila moja, kama nilivyomkuta baba mdogo akifanya. Sehemu nyingine zote naweka oili ya injini, SAE 40.

Fundi mmoja hapa mjini ameiangalia akasema beringi zimekwisha na hazina za kubadilisha, dawa ni kupeleka kichwa kikatobolewe zaidi, ziwekwe beringi za gololi. Amenitajia laki sita. Pesa naweza kuitafuta, ila roho inasita. Aliyewahi kufungua mashine hii anisaidie. Natanguliza shukrani.

#2 TuliKali

Pole mkuu. Kabla ya laki sita, juu ya kila beringi kuna boli la kukaza. Kaza robo mzunguko, mlio utaisha. Mimi nilifanya hivyo kwenye leti ya chuoni, ikatulia.

#3 Mtoboaji_DSM

Fundi wako yuko sahihi. Hizo mashine za bushi ni za kizamani, weka beringi za kisasa usahau. Duniani sasa hivi nani anatengeneza leti ya bushi?

#4 MzeeWaKarakana

KerezaIringa, simama hapo hapo. Usikaze boli, usitoboe, na leo usiiwashe tena.

Nimekereza kwenye karakana ya reli miaka thelathini na moja, na hiyo South Bend ya inchi 9 ndiyo tuliyofundishiwa ukerezaji tukiwa vijana. Naifahamu. Mashine hiyo haina mahali pa girisi kwenye spindo. Hizo nipo si za kiwandani, kuna mtu alizifunga baadaye. Kiwandani pale palikuwa na vikombe viwili vidogo vya oili vyenye kifuniko cha kufunua kwa kidole.

Fungua nipo moja kwa spana, taratibu, utuambie kimetoka nini.

#5 KerezaIringa

Shikamoo mzee. Nimefungua ya mbele sasa hivi. Imetoka girisi nyeusi, ngumu, ukiikata kwa bisibisi inakatika kama sabuni ya kufulia. Nimeingiza waya kwenye tundu, umezama kama sentimita mbili ukagota. Oili hakuna hata tone.

#6 MzeeWaKarakana

Marahaba mwanangu. Basi ugonjwa tumeuona. Nitaeleza kwa urefu, na TuliKali na Mtoboaji wasome pia, maana ushauri wao ndio unaoua mashine nyingi, ingawa wameutoa kwa nia njema.

Spindo ya mashine hiyo ni chuma kigumu kilichosuguliwa mpaka kinang'aa kama kioo. Inazunguka moja kwa moja ndani ya kasti (chuma cha kumimina) ya kichwa. Hakuna bushi ya shaba wala gololi. Watu wakisikia chuma juu ya kasti wanaona ni umaskini wa kiwanda, lakini zipo ambazo zimekereza tangu kabla ya vita kuu ya pili na bado zinatoa kazi safi. Sababu ni kwamba mashine ikizunguka, chuma na kasti havigusani. Katikati kuna utando wa oili.

Mwaka 1883 kule Uingereza mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke oili. Mashine ilipozunguka, oili ikapanda kupitia tundu hilo badala ya kushuka. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akaziba kwa kigingi cha mti, nacho kikasukumwa. Ndipo ikajulikana kwamba shafti inapozunguka inaivuta oili na kuisokomeza kwenye nafasi nyembamba, oili inapata shinikizo, na shinikizo hilo ndilo linaloinyanyua shafti. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaweka hesabu zake. Sisi tulifundishwa hilo kabla ya kuruhusiwa kugusa leti, maana ndani yake mna kila kitu: oili isipofika hakuna kinachoibeba spindo. Inajikokota juu ya kasti, inachemka, inatanuka, inazidi kubana.

Oili inafikaje? Chini ya kila beringi kasti ina kisima kidogo. Ndani ya kisima umesimama utambi wa sufu (manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa), na chini yake kuna springi inayousukuma juu uguse tumbo la spindo. Oili inapanda kwenye utambi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye kibatari. Spindo inailamba, inayozidi inarudi kisimani. Sasa mtu akipiga girisi humo, utambi unaziba, kisima kinajaa, na spindo inabaki inaramba kilichobaki mpaka kinakauka.

Umeelewa kwa nini nimekukataza kukaza boli? Beringi yenye kiu ukiibana unaivunja. Na ukikaza bila kuangalia shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi) zilizo kwenye ufa wa kiwandani wa beringi, kasti inaweza kupasuka, hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

#7 Mtoboaji_DSM

Mzee nimekuelewa, kuhusu girisi nanyoosha mikono. Ila kama kasti imeshalika miaka yote hiyo, si bado atahitaji kutobolewa?

#8 MzeeWaKarakana

Inawezekana, lakini hilo linasemwa na geji (saa ya kupimia) baada ya kufungua na kusafisha. Mashine inayolia haijathibitisha kwamba imelika. Na ukitaka kutoboa kichwa hicho lazima matundu mawili yabaki kwenye mstari mmoja, sambamba na kitanda cha mashine. Ukikosea unyoya tu, kila shafti itakayotoka pale itakuwa na umbo la karoti. Hilo ndilo linalonitisha kuliko laki sita.

KerezaIringa, ukiwa tayari: ondoa chaki. Toa gia na nati ya kukazia zilizo mkiani mwa spindo. Legeza maboli ya beringi kidogo tu, usipigilie kabari kwenye ufa kuutanua. Spindo inatoka kwa upande wa chaki, kuelekea mkia wa mashine. Tumia kipande cha mti mgumu au uivute kwa boli refu, nyundo ya chuma isiiguse. Gia kubwa na puli zitabaki ndani, zikamate kwa mkono zisianguke. Shimu za kila beringi zifunge kwenye karatasi na uandike ya mbele na ya nyuma, usizichanganye.

#9 KerezaIringa

Marejesho wakuu. Jumamosi nzima nimekuwa chini ya kichwa cha mashine, mdogo wangu ananimulikia tochi.

Spindo imetoka baada ya saa mbili. Kisima cha mbele kilikuwa kimejaa girisi mpaka ukingoni. Nilichota kwa kijiti cha mwanzi kama mtu anayekomba chungu, chini kabisa nikakuta machicha ya chuma, laini kama unga. Utambi niliuvuta kwa koleo ukatoka mzima, mgumu, mweusi, umbo la soli ya kandambili. Juu umeng'aa pale spindo ilipokuwa ikiusugua. Springi ilikuwa imelala pembeni, haisukumi kitu. Wa nyuma una nafuu, nusu yake bado ni laini.

Nimeosha yote kwa mafuta ya taa mara tatu, nikapuliza upepo. Spindo: upande wa nyuma safi kabisa. Upande wa mbele kuna mistari miwili inayoizunguka, ukucha unaihisi kwa mbali sana. Ndani ya kasti kuna mistari inayolingana nayo, hakuna palipomeguka.

Mzee, nilipoona ule unga wa chuma nilikaa chini. Baba mdogo aliipenda mashine hii. Alikuwa akiifunika kwa kanga kila jioni. Alipiga girisi kwa sababu alikuta nipo, na mimi nikafuata.

#10 MzeeWaKarakana

Usijilaumu, wala usimlaumu marehemu. Mtu akikuta nipo anapiga girisi, kila fundi angefanya hivyo. Kosa ni la aliyezifunga.

Kwa maelezo yako mashine yako ni nzima. Mistari miwili isiyokwaza ukucha si ugonjwa, oili inapita juu yake. Usiiguse kwa msasa! Msasa unaacha chembe ndani ya kasti na zitakula spindo kwa miaka. Kama kuna kinundu kilichosimama juu ya uso, pitisha jiwe laini la mafuta pale tu, kisha uoshe tena.

Sasa tafuta sufu.

#11 MamaBushi_Mwanza

Habari zenu. Mimi nauza beringi na oili sili, nimekuwa nikifuatilia uzi kimya. Kuhusu tambi: kuna vitambaa vizito vinaonekana kama sufu kumbe ni plastiki, haviinui oili. Nyofoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua na inabaki jivu linalovunjika vidoleni. Plastiki inayeyuka inakuwa kishanga kigumu. Mimi sinunui mzigo bila kuuchoma kwanza.

Ukishaikata kwa kipimo cha ile ya zamani, iloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuifunga. Utambi mkavu ukiufunga, mashine itazunguka muda mrefu kabla oili haijapanda.

#12 KerezaIringa

Asante sana dada, nimeandika. Swali linalofuata: oili gani? SAE 40 ninayo lita nne.

#13 MzeeWaKarakana

Hiyo SAE 40 irudishe kwenye gari. Kwanza ni nzito mno. Spindo hiyo inataka oili nyepesi, ISO 22. Namba hiyo ni uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, ikiwa na joto la nyuzi 40. SAE 40 kwa kipimo hicho inakaribia 150, yaani mara sita na zaidi. Kwenye nafasi ndogo kama ile oili nzito inajisugua yenyewe na kuleta joto. Pili, oili ya injini ina dawa ya kuzuia uchafu usitulie, ubaki ukielea mpaka ufike kwenye filta. Leti yako ina filta wapi? Uchafu utaelea mpaka kwenye utambi na kuishia hapo.

Ukiipata Mobil Velocite namba 10, hiyo ndiyo ISO 22 iliyotengenezwa kwa ajili ya spindo.

#14 BotiMombasa

Salaam aleikum. Mzee kwa heshima zote, hapa naona tofauti kidogo. Mimi niko Mombasa, natengeneza shafti za boti kwa leti ya aina hiyo hiyo. Huku joto karakanani saa nane mchana ni nyuzi 33 na zaidi, ISO 22 inakuwa maji. Natumia oili ya haidroliki ISO 32, inapatikana kwa kila anayeuza oili za forklifti, mwaka wa nne sasa na beringi iko baridi. Velocite kuipata lazima uagize pipa.

#15 MzeeWaKarakana

Waaleikum salaam. Hatupingani. Kwa joto la pwani, na kwa mashine iliyolegea kidogo, 32 inafaa. Ila yeye yuko Iringa, asubuhi za Juni na Julai huko unaona pumzi yako. Asubuhi kama hizo oili inakuwa nzito kuliko namba yake. Akipata 22 aweke 22. Akikosa, 32 ya haidroliki, na asubuhi aizungushe mwendo wa chini dakika kumi kabla ya kuanza kazi.

#16 TuliKali

Na mafuta ya cherehani? Ni mepesi na yapo kila duka.

#17 MzeeWaKarakana

Ukikwama siku moja, sawa, ni safi na hayatadhuru. Ila chupa nyingi hazina namba ya uzito, hujui umeweka 10 au 22. Ikiwa nyepesi mno utando unakatika ukikata kwa nguvu. Na WD-40 nisiisikie kabisa, hiyo ni ya kulegeza kutu.

#18 KerezaIringa

Wakuu, marejesho ya pili, na haya ni ya furaha.

Nimepata ISO 22 kwa mtu anayehudumia mitambo ya kiwanda, lita tano. Sufu nimeichoma kama dada alivyosema, ya kwanza ilikuwa plastiki, ya pili ikanuka nywele. Nimekata tambi mbili, zimelala kwenye oili kuanzia Ijumaa jioni.

Kurudisha spindo kulinitoa jasho. Springi inausukuma utambi juu, spindo ikiingia inaukata. Nilivuruga mmoja. Baadaye nikaona chini ya tundu la kikombe kuna tundu jingine dogo la kutolea oili. Nikaubonyeza utambi chini kwa kidole, nikapitisha waya wa spoku ya baiskeli kwenye tundu hilo ukaushikilia. Spindo ikaingia, nikachomoa spoku, nikausikia utambi unapanda na kugusa. Mlio mdogo tu, tap.

Kisha vipimo. Nimefunga chuma cha mita moja kwenye chaki, geji ya saa nimeisimamisha juu ya kichwa, ncha yake ikigusa spindo yenyewe nyuma ya chaki. Nikanyanyua. Mbele: milimita 0.07. Nyuma: 0.025.

#19 MzeeWaKarakana

Ya nyuma usiiguse, iko sawa. Ya mbele ndiyo imelegea. Maelekezo ya kiwanda yanataka unyanyue kwa nguvu ya kama kilo 34 na geji isome kati ya inchi 0.0007 na 0.001, yaani milimita 0.018 mpaka 0.025. Chini ya hapo oili haina pa kukaa.

Zile shimu zimetengenezwa kwa matabaka membamba yaliyobandikwa. Chukua wembe, bandua tabaka moja, rudisha, kaza boli mpaka mwisho, pima. Boli linakazwa mpaka mwisho kila mara, anayepanga nafasi ni shimu. Ukilegeza boli ili upate nafasi, litaendelea kulegea peke yake kazini.

Kila ukishapima, zungusha spindo kwa mkono. Isikwame popote.

#20 KerezaIringa

Tabaka la kwanza: 0.045. La pili: 0.02. Nikazungusha chaki kwa mkono, nikaiachia, imeendelea yenyewe mzunguko mzima na nusu. Zamani ilikuwa ikisimama pale pale mkono ulipotoka.

Nimejaza visima mashine ikiwa imesimama, kama mzee alivyonielekeza inbox, kwa sababu ikizunguka oili nyingine iko kwenye tambi na kipimo kinadanganya. Dakika kumi mwendo wa chini, dakika ishirini wa kati, kisha saa nzima nikikereza. Kiganja kinakaa. Vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Mkiani nimekaza nati ikiwa na joto, geji inasoma 0.025 kwa kusukuma mbele na nyuma.

Shafti ya kwanza ilikuwa ya milimita 40, ya mashine ya kukoboa. Nimepitisha ukucha kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kitu. Nikakata kipande kwa biti ile ile nyembamba, chuma kikawa kinatoka kama utepe, kimya.

Nipo nimezitupa. Nimekereza vikombe viwili vya shaba vyenye vifuniko, kwenye mashine hii hii.

#21 Mtoboaji_DSM

Hongera sana mkuu. Nimejifunza. Swali kwa mzee: mimi nina leti ya Kichina yenye beringi za rola. Nami nipime nafasi hivyo hivyo?

#22 MzeeWaKarakana

Hapana. Rola za mteremko zinataka kinyume chake, zinabanwa kidogo zisiwe na nafasi kabisa, na oili yake inarushwa na gia kutoka chini ya kichwa. Angalia kioo cha oili kila asubuhi, badilisha oili yote kwa wakati, na kama ikilia fungua uzi wake tuuangalie kwa utulivu.

KerezaIringa, hongera mwanangu. Nina swali moja. Ukiingiza gia za nyuma kwa kazi nzito, ile puli ya ngazi inazunguka peke yake juu ya spindo. Kuna skrubu ndogo imejificha kwenye mfereji wa ngazi ya puli, unaitoa, unaweka oili, unairudisha. Umewahi kuifungua?

#23 KerezaIringa

Mzee, sikujua kama ipo. Nimetoka kuiangalia na tochi sasa hivi. Ipo, imefunikwa na rangi, mfereji wa bisibisi hauonekani vizuri. Kesho asubuhi kabla ya kazi yoyote naanza nayo, na mkanda nautoa kabisa nione vizuri.

#24 MzeeWaKarakana

Ikwangue rangi kwa ncha ya kisu kwanza, usiiharibu kichwa. Kama ndani kuna girisi, mafuta ya taa kwa sindano ya hospitali, zungusha puli kwa mkono, rudia mpaka yatoke meupe. Kisha ile ISO 22 yako. Nipo, nasubiri picha.